Kushika na Kuachia

Miongoni mwa kazi za mkono ambazo hazijapata sifa ya kadiri ya stahiki yake, naitanguliza kazi ya fundi atengenezaye vishikizo vya meno ya bandia ya taya la chini. Kwani meno ya juu yana kaakaa pana la kunatia, ilhali ya chini hukalia ukingo mwembamba wa ufizi uzidio kusinyaa mwaka hata mwaka, na ulimi, usiojua kutulia, huyainua kila mwenyewe anenapo au atafunapo.

Tiba ilianzia Uswidi, ambako tabibu Per-Ingvar Brånemark alibaini kwamba madini ya titani hushikamana na mfupa ulio hai, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya madini hayo. Hata mwaka 2002 mabingwa waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, wakakata shauri kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, vipandikizi viwili vyenye kushikilia meno ya bandia ndiyo tiba ya kutangulizwa.

Lakini vipandikizi ni msingi tu. Ustadi, kwa rai yangu, umo katika kiungo kidogo kilicho juu yake: ufito wa madini unaobanwa na klipu, tufe liingialo katika pete ya mpira, sumaku (ambazo za zamani ziliharibiwa upesi na mate), au kile kishikizo kifupi kiitwacho Locator, chenye kikombe cha nailoni. Nailoni hiyo hutofautishwa kwa rangi: ya buluu imekadiriwa kushika kwa uzito wa gramu 680 hivi, ya waridi gramu 1,360, na isiyo na rangi gramu 2,270. Hapo ndipo busara ya fundi hudhihirika, maana mwenye pupa hudhani kwamba kushika sana ndiko kushika vyema, asimkumbuke bibi ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, naye hana budi kuyatoa meno hayo kila usiku na kuyasafisha. Fundi mwadilifu huanza na nguvu ndogo, wala haongezi ila kwa haja.

Nalistaajabia zaidi lile shauri la kukifanya laini kile kipasacho kulika. Meno yatiwapo na kutolewa, hasa pale vipandikizi visiposimama sambamba, msuguano huila nailoni, na nguvu ikafifia. Tabibu hukichomoa kikombe kilicholika, akapachika kipya kwa muda mfupi, na titani iliyoota mfupani isiguswe kamwe.