Gari la Uokozi au Gari la Deraya?

Jina la chombo si pambo tu. Mara nyingine jina hutoa hukumu kabla baraza halijaketi. Twayasema haya kwa kuwa mfasiri wa habari za polisi wa Marekani hukabiliwa na chombo kimoja chenye majina matatu: kifaru, gari la uokozi na gari la deraya. Yafaa tuyapime moja moja.

Kwanza, kifaru. Neno hili huvutia macho, lakini halisemi kweli. Kifaru hutambaa kwa minyororo na hubeba mzinga. Magari mengi ya polisi wa huko huenda kwa magurudumu ya mpira, wala hayana mzinga. Tofauti hii si ya mafundi peke yao. Mwaka 2015 serikali ya Rais Obama ilikataza polisi wasipewe na serikali kuu magari ya deraya yenye minyororo. Yale ya magurudumu iliyaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa idhini ya viongozi wa kiraia wa mahali. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2017. Mfasiri aandikaye "vifaru" kwa yote mawili humwacha msomaji asijue kipi kilikatazwa na kipi kiliachwa.

Pili, gari la uokozi. Jina hili hupendwa na idara za polisi zenyewe, wala si la uongo mtupu. Mjini Orlando, Juni 2016, mtu mwenye bunduki aliua watu 49 katika klabu ya Pulse na kuwazuia wengine ndani. Polisi walitumia gari la deraya kutoboa ukuta, na baadhi ya mateka wakapata pa kutokea. Lakini mjini Los Angeles, mwaka 1985, polisi walilifunga gari la deraya gogo la chuma, wakabomoa nayo kuta za nyumba walizodhani zinauza dawa za kulevya. Katika nyumba ya kwanza walikuta wanawake na watoto. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa chombo hicho kisitumiwe pasipo idhini ya hakimu iliyotolewa kabla. Gari la deraya, basi, laweza kuokoa na laweza kubomoa. Jina litajalo kazi moja na kuificha nyingine ni la mtetezi, si la mfasiri.

Tatu, gari la deraya. Deraya ni neno la zamani katika lugha yetu: vazi la chuma la askari. Neno hili laeleza umbo, halielezi nia. Sheria ya California ya mwaka 2021 ilishika njia hiyo hiyo. Iliyataja magari haya kwa umbo lake miongoni mwa zana za kijeshi, ikataka yaidhinishwe na baraza la kuchaguliwa katika mkutano wa hadhara, na matumizi yake yatolewe taarifa kila mwaka. Idara ikiliita gari lake "la uokozi", haitoki katika orodha.

Hapo lazuka neno jingine, usimamizi, ambalo hubebeshwa mizigo miwili. Mkuu wa polisi huyasimamia magari yake akiwa ndani. Baraza huyaangalia likiwa nje. Twapendekeza usimamizi libaki kwa kazi ya ndani, na uangalizi litumike kwa ya nje. Yakichanganywa, msomaji atadhani kuwa polisi hujikagua wenyewe.

Shauri letu ni hili. Iandikwe "gari la deraya la polisi". Ikiwa idara imelipa jina, iandikwe "gari la deraya ambalo idara huliita la uokozi". Kazi yake na ielezwe kwa vitendo: limemtoa majeruhi, limevunja mlango, limesimamishwa mbele ya waandamanaji. Uokozi ukiwapo, taarifa ya mwaka itauonyesha.