Punje Mia na Themanini

Kwa wanunuzi wa dhahabu mjini Geita, mizani huwekwa ndani ya kioo, kwa kuwa hata pumzi ya muuzaji yaweza kuyumbisha hesabu. Hapo watu hutaja gramu. Soko la dunia bado linahesabu wakia, na wakia moja ya dhahabu ni punje 480, kipimo cha kale kilichotokana na punje ya shayiri. Kazi nyingine iliyoshikilia punje hadi leo ni ya risasi. Kichwa cha risasi iliyozoeleka kwa swala wakubwa kina punje 180, chini kidogo ya gramu 12. Kuna watu ambao kazi yao ni kujua gramu hizo 12 ziende kwa kasi gani, na zitue wapi.

Watu hao ni wawindaji bingwa, wanaowaongoza wageni wenye leseni katika vitalu kama vya Pori la Akiba la Maswa, kusini-magharibi mwa Serengeti. Pori hilo lilihesabiwa chini ya Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Mgeni huja na bunduki aliyoizoea kwao, mara nyingi iliyobuniwa kwa ajili ya ayala, yule tunayemsoma katika Zaburi lakini ambaye hajawahi kukanyaga nyika zetu. Huku atakutana na swala tomi, ambaye hazidi sana uzito wa mbuzi, na jioni hiyohiyo atakutana na pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900. Juu ya wote wawili kuna neno moja tu, swala, nalo halimsaidii mtu kuchagua risasi.

Wahadzabe wa Meatu na bonde la Eyasi walilimaliza swali hili zamani. Kwenye fungu lao la mishale, wa ndege na wanyama wadogo ni mti mtupu uliochongwa ncha. Wa mnyama mkubwa una kichwa cha chuma kilichopakwa sumu ya mimea. Mshale hauna kasi ya kujivunia, kwa hiyo kazi yote inabaki miguuni, kusogea hadi karibu bila kusikika.

Bunduki ya kasi huahidi kutuondolea kazi hiyo. Tuipime ahadi yenyewe. Risasi ya .30-06, iliyoanza kutumika mwaka 1906, husukuma punje 180 kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Ile ya .300 Winchester Magnum, ya mwaka 1963, husukuma uzito uleule kwa takriban mita 900. Zote mbili zikiwekwa shabaha ya mita 200, kwenye mita 300 ya kwanza huwa imeshuka kama sentimita 24, ya pili kama 20. Tofauti ni upana wa vidole viwili. Kwa vidole hivyo viwili mwenye bunduki hulipa baruti zaidi, kishindo zaidi na bega linalouma.

Wala si bega peke yake linalolipa. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani, alikuwa Kanada akiwinda mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya ayala. Alikuwa na .300 Holland & Holland, risasi ya kasi kwa enzi hizo. Alimpiga kwa karibu, na vichwa vya risasi vikavunjika mwilini bila kuzama. Kasi ilikuwa imeshinda uimara wa risasi. Nosler akarudi kubuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, sehemu ya mbele ikitanuka huku ya nyuma ikisonga mbele nzima. Tangu hapo anayejua kazi haulizi kasi kabla hajauliza risasi imetengenezwaje.

Ndiyo maana asubuhi ya kwanza kambini ndiyo ninayoipenda kuliko siku nzima ya msako. Karatasi hubandikwa mita 100, bunduki ikalazwa juu ya mfuko wa mchanga, kwa kuwa misukosuko ya safari huweza kuhamisha darubini. Mgeni anaitazama karatasi. Mwindaji bingwa anamtazama mgeni: kope, kidole, shingo. Akiingiwa na shaka, huipokea bunduki kana kwamba anaijaza, akairudisha tupu. Mgeni anavuta triga, hakuna mlipuko, lakini mtutu unainama wenyewe. Mwili umeliogopa teke ambalo halikuja. Hapo mwindaji humpa kwa upole bunduki nyingine, nyepesi ya kishindo, na hakuna anayeaibishwa.

Historia inampa haki. Walter Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 yenye mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Idadi hiyo leo inatisha, na kwa ndovu sheria zetu zinadai angalau .375. Lakini Bell alipasua mafuvu ili ajue ubongo umekaa wapi, na ujuzi huo ulimtosha kuliko baruti.

Kisha ni porini. Vijiti vya miguu mitatu vinasimikwa, mlio unapita, na msoma nyayo anainama. Damu nyepesi yenye povu ni ya pafu, mnyama hayuko mbali. Nyeusi ni ya ini. Yenye majani ya kijani ni ya tumbo, na siku nzima imeharibika, maana mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kwenye leseni kama aliyeuawa. Majani hayo ndiyo hukumu ya uchaguzi uliofanywa kambini.

Risasi hizi huuzwa ishirini kwa sanduku. Safari ikiisha, mwindaji bingwa hulifungua la mgeni, akahesabu zilizobaki. Zikiwa nyingi, hulifunga taratibu, kama mnunuzi wa Geita anavyofunga kioo cha mizani yake.