Kupona, Dawa Salama na Kuacha Dawa: Uhakiki wa Maneno Matatu katika Maelezo ya Tezi Dundumio Inayofanya Kazi Kupita Kiasi kwa Wajawazito

Sehemu hii inahakiki namna Kiswahili kinavyoweza kubeba mantiki ya mwongozo uliotolewa mwaka 2017 na Chama cha Thairoidi cha Marekani kuhusu maradhi ya tezi dundumio katika ujauzito na baada ya kujifungua. Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Skopos ya Hans Vermeer (1978), inayopima tafsiri kwa lengo inalotakiwa kutimiza kwa hadhira lengwa. Hadhira hapa ni mgonjwa na muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Hoja ya mtafiti ni kwamba ugumu mkubwa haumo katika istilahi za kitaalamu, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali katika maneno mepesi yanayopita bila kuhojiwa.

Kuhusu istilahi hatutakaa sana. Tunayo tezi dundumio, homoni, kingamwili na kondo la nyuma. Tunayo pia rovu na goita. Ikumbukwe tu kwamba haya mawili ya mwisho yanataja kinachoonekana, yaani uvimbe, na kwamba uhamasishaji wa matumizi ya chumvi yenye madini joto umewazoesha Watanzania wengi kuihusisha shingo iliyovimba na upungufu. Ugonjwa wa Graves, ulioelezwa na Robert Graves wa Dublin mwaka 1835 na Carl von Basedow mwaka 1840, ni habari tofauti: kingamwili za mwili wenyewe huichochea tezi itoe homoni nyingi mno. Moyo kwenda mbio, kuhisi joto na kuchoka ni miongoni mwa dalili zake, nazo mjamzito mwenye afya pia huweza kuzipata.

Neno lenye uzito zaidi ni kupona. Chukua mfano wa mwanamke aliyeondolewa tezi kwa upasuaji miaka kadhaa kabla ya kushika mimba. Homoni zake hazizidi tena. Anameza levothairoksini kila siku. Katika Kiswahili cha kawaida mtu huyu amepona tezi. Hata hivyo, kingamwili zake zinaweza kuendelea kuwamo katika damu, zikavuka kondo la nyuma na kuichochea tezi ya kijusi. Ndiyo maana mwongozo unataka zipimwe mapema katika ujauzito hata kwa aliyetibiwa kwa upasuaji au kwa iodini yenye mionzi, na zikiwa juu zirudiwe wiki ya 18 hadi 22. Sasa muuguzi akiuliza, “Una ugonjwa wa tezi?”, atajibiwa hapana, na jibu hilo litakuwa la kweli. Njeo ya swali ndiyo iliyomficha mtoto. Swali linalotimiza lengo ni hili: “Je, umewahi kutibiwa tezi ya shingo kwa dawa, upasuaji au mionzi, hata kama uliambiwa umepona?” Sarufi ya -wahi inafanya hapa kazi ambayo istilahi yoyote mpya isingeifanya.

Neno la pili ni salama. Methimazoli, pamoja na kabimazoli ambayo hugeuka methimazoli mwilini, huhusishwa na kasoro za maumbile zikitumiwa mwanzoni mwa mimba, hasa wiki ya 6 hadi ya 10. Kwa hiyo propilthiourasili hupendelewa katika kipindi hicho. Lakini nayo imehusishwa na kasoro, ingawa kwa jumla si kali kama zile, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo zito kwa sababu ya madhara yake kwa ini. Kuiita “dawa salama kwa mjamzito” ni kufuta ulinganisho huo wote pamoja na muda wake. Kiswahili kina afadhali, neno ambalo wanataaluma hulikwepa kwa kuliona la mitaani. Mtafiti anaona ndilo sahihi. Kasoro kama hiyo imo katika “kurudisha homoni katika kiwango cha kawaida”. Dawa hizi humfikia kijusi na zinaweza kuidhoofisha tezi yake, hivyo mwongozo unaelekeza dozi ndogo iwezekanavyo, inayoiacha homoni ya mama kwenye ukingo wa juu wa kawaida au juu yake kidogo.

Kuhusu kuacha, swali ni nani anayeacha, na kwa uamuzi wa nani. Mwongozo unakubali kwamba mjamzito anayetumia dozi ndogo na ambaye ugonjwa wake umetulia anaweza kusimamishiwa dawa, mradi apimwe mara kwa mara. Kauli ya jumla kwamba mjamzito aache dawa hulimeza sharti hilo, ilhali ugonjwa usiotibiwa huongeza hatari ya kifafa cha mimba, kuzaa njiti na moyo wa mama kushindwa kufanya kazi. Ipo pia hali ya mpito ya miezi ya mwanzo, inayoletwa na homoni ya ujauzito yenyewe, ambayo haihitaji dawa hizi kabisa. Baada ya kujifungua utata hurudi: homoni zikizidi, huenda ugonjwa wa Graves umeamka, au tezi imepata mchomo unaozimwagia damu homoni zilizohifadhiwa. Wa kwanza hutibiwa kwa dawa za tezi. Wa pili hautibiwi kwa dawa hizo. Na anayenyonyesha hatakiwi kuambiwa aache, kwani methimazoli hadi miligramu 20 kwa siku inakubalika.

Mwongozo wenyewe nao una udhaifu ukisomwa kutoka Tanzania. Unamdhania mwanamke anayefika mapema, penye maabara ya kupima kingamwili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 hudhurio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12, na wajawazito wengi nchini huchelewa zaidi ya hapo. Hata anayetimiza pendekezo hilo anaweza kufika wakati wiki ya 10 imekwisha kupita. Kwa mtazamo wa Skopos, basi, maelezo ya kabla ya ujauzito hayana nafasi katika kijitabu cha kliniki ya wajawazito. Mahali pake ni dirisha la dawa, yakikabidhiwa pamoja na kabimazoli kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba: “Ukichelewa kuona siku zako, pima mimba mara moja, ikiwapo, usiache dawa mwenyewe, rudi hapa siku hiyohiyo.”