Kuimba na Kughani: Uhakiki wa Nyimbo za Orishas

Muziki wa mchanganyiko mara nyingi husifiwa kwa sababu moja tu, kwamba ni mchanganyiko. Husemwa kuwa kundi fulani limetwaa hiki na kile, likaviunganisha, na sifa huishia hapo. Uhakiki wa namna hiyo una upungufu. Linalopasa kuulizwa ni kama kila sehemu ya mchanganyiko huo inatenda kazi ambayo sehemu nyingine haiwezi kuitenda. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia nyimbo mbili za kundi la Orishas.

Kundi hili liliundwa mjini Paris mwaka 1999 na Wakuba waliokuwa ugenini. Wawili kati yao, Yotuel Romero na Hiram Riverí aitwaye Ruzzo, walikwisha kushiriki katika kundi la hip-hop la Amenaza huko Havana. Pamoja nao walikuwapo Liván Núñez, maarufu kwa jina la Flaco-Pro, na mwimbaji Roldán González. Jina la kundi lina asili ya Kiafrika: orisha ni miungu ya Wayoruba, ambao ibada yao ilivuka bahari pamoja na watumwa na kustawi Kuba.

Kiswahili kina maneno mawili yanayoufaa sana uchunguzi huu, nayo ni kuimba na kughani. Son, ambao ni muziki wa densi wenye asili mashariki ya Kuba, ni muziki wa kuimba. Katika sehemu yake iitwayo montuno, mwimbaji kiongozi na waitikiaji hupokezana. Hip-hop, iliyozaliwa Bronx, New York, katika miaka ya 1970, ni sanaa ya kughani juu ya mapigo. Katika Orishas, kazi ya kuimba ni ya Roldán hasa, na kughani ni kwa wenzake.

Ughani huo una mtihani wake wa lugha. Kihispania, kama Kiswahili, kina silabi nyingi zilizo wazi, na mara nyingi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Vina basi hupatikana kwa urahisi, na kila atungaye kwa Kiswahili anajua kwamba kina peke yake si ushahidi wa ufundi. Kinachomdhibiti mghani hapa ni klave, yaani mapigo matano yaliyogawanyika katika mafungu ya matatu na mawili, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa son. Klave humfanyia mghani kazi inayokaribia ile ambayo mizani humfanyia mshairi.

Wimbo unaodhihirisha mafanikio ya kundi ni "537 C.U.B.A." Wimbo huu umejengwa juu ya "Chan Chan" wa Compay Segundo (1907-2003), uliojulikana ulimwenguni kwa santuri ya Buena Vista Social Club ya mwaka 1997. Kiitikio cha wimbo wa asili kinataja vituo vya safari ya shambani mashariki ya Kuba, mmoja baada ya mwingine. Orishas waliitwaa sauti hiyo ya msafiri wakaibadili anwani. Tarakimu 53 ni namba ya simu ya kimataifa ya Kuba, na 7 ni ya Havana. Mahali palipokuwa na njia ya kwendwa kwa miguu, sasa pana waya wa simu tu. Roldán anaimba mto, tumbaku, miwa na jasho la mkulima; waghani wanaitamani Kuba kwa kauli ya haraka ya vijana wa mjini. Wimbo unashika kumbukumbu ya wazee, na ughani unashika uchungu wa leo. Kukiondolewa kimoja, kingine kinalemaa.

Haiwezi kusemwa hivyo juu ya wimbo uliobeba jina la santuri yao ya kwanza, "A lo cubano". Kiitikio chake kinaorodhesha chupa ya rumu, sigara za Havana na wasichana, vitu vile vile ambavyo wakala wa utalii angevitaja. Hapa son imekuwa pambo. Huenda ikajibiwa kwamba wimbo wa densi haudaiwi zaidi ya hayo. Jibu hilo halitoshi, kwa maana ni watu wale wale, katika santuri ile ile, walioonyesha kwamba mapigo ya densi yanaweza kubeba mzigo mzito zaidi.

Suala hili linaihusu pia Afrika Mashariki. Santuri za Kikuba zilianza kuenea Afrika katika miaka ya 1930, zikachangia kuzaliwa kwa rumba ya Kongo, ambayo baadaye ilitungiwa maneno ya Kiswahili Nairobi na Dar es Salaam. Vijana wanaoghani leo juu ya nyimbo za zamani za densi wamo katika njia hiyo hiyo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mhakiki anapousikia mchanganyiko kama huo, na achunguze kama mwenyeji amepona kweli, au ameketishwa mlangoni apigwe picha.