Deni la Mbungo na dirisha lililofungwa

Dirisha la usajili likikaribia, mashabiki wa AFC Leopards, yaani Ingwe, hapa Isiolo huanza kutaja majina. Mmoja anataka mshambulizi, mwingine beki wa kati mwenye kimo, wa tatu kiungo mkabaji anayejua pia kugawa mpira. Mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini Ingwe imeshindwa kwa miaka mingi hivi kujenga kikosi cha kurudia taji la ligi la 1998 asianze na majina. Aanze na Desemba 2019, mwezi ambao kocha André Casa Mbungo alifunga virago kwa sababu ya mishahara aliyokuwa akidai, na klabu ikamwacha aende bila kumaliza hesabu naye. Uamuzi huo ulikuwa mbaya siku ile ile ulipofanywa. Hakuhitajika mwaguzi kuuona ubaya wake, kwa maana kanuni za FIFA zilikuwa zimeandikwa na matokeo yake yalikuwa yameelezwa wazi. Udhaifu wa kikosi tuliouona baadaye, hasa msimu wa 2021/22, unatokana nao kuliko unavyotokana na kocha yeyote aliyekalia benchi.

Mbungo hakustahili kuagwa hivyo. Mnyarwanda huyo aliingia mwanzoni mwa 2019, akaikuta timu ikichungulia shimo la kushuka daraja, akaitoa. Mstari huo mmoja unamtosha, kwa kuwa kazi njema haina haja ya kupambwa. Kilichofuata ndicho kinachohitaji kuchambuliwa. Kikosi cha enzi hiyo kilikuwa na wageni: Soter Kayumba na Vincent Habamahoro wa Rwanda, Tresor Ndikumana wa Burundi, na Ismaila Diarra wa Mali. Nao waliondoka wakidai, na majina yao yakafika FIFA pamoja na la kocha. Kila mgeni anayesajiliwa huongeza gharama tatu zisizoonekana kwenye picha ya kutambulishwa akiwa ameshika jezi: makazi, kibali cha kazi, na hatari kwamba mgogoro wowote wa malipo utavuka mipaka na kuamuliwa na FIFA. Mchezaji wa hapa nchini anayedai humalizana na klabu mbele ya mahakama za nyumbani, na sote tunajua kesi za nyumbani huchukua muda gani. Mgeni ana njia fupi, na njia hiyo ina meno. Klabu inayosajili wageni kadhaa huku haina uhakika wa mshahara wa mwezi wa nne inatia sahihi hati ya kufungiwa kwake yenyewe, tarehe tu ndiyo haijajazwa.

Tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua, kwani hapa ndipo hesabu ya ofisi ya Ingwe ilipopotoka. Tangu 2018, kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 haki ya kuvunja mkataba, mradi aitumie klabu notisi ya maandishi na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Katika siku hizo 15, deni bado ni la miezi michache. Zikipita, mkataba unavunjika kwa kosa la klabu, na kinachodaiwa sasa ni malimbikizo pamoja na thamani ya miezi iliyobaki kwenye mkataba, ikipunguzwa tu kwa kile ambacho mchezaji amepata kwingineko. Juu yake kwa kawaida huongezwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Kesi ya kocha ilipitia kamati nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule. Uamuzi ukishatoka, klabu hupewa siku 45. Zikiisha bila malipo, inafungiwa kusajili, ndani ya nchi na nje, kwa hadi madirisha 3 mfululizo, na marufuku huondolewa mara tu inapothibitisha kwamba imelipa. Kwa hiyo klabu ina nafasi ya kwanza wakati wa notisi, ya pili wakati kesi inasikilizwa na wadai wengi huwa tayari kupunguziwa na kulipwa kwa awamu, na ya tatu ndani ya zile siku 45. Ingwe ilizipitisha zote. Mwaka 2021 marufuku ikaingia.

Anayejua soko la mifugo la Isiolo hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hili. Mtu akichukua ngamia kwa ahadi na siku ya malipo asionekane, hasara yake haiishii kwa mwenye ngamia mmoja. Soko zima humfungia, na hata aliye na pesa taslimu mkononi siku hiyo huulizwa kwanza habari ya deni la zamani. Wakala wa Kigali au Bujumbura aliyemwona Kayumba na Ndikumana wakihangaika na malipo hatampeleka mchezaji wake bora kwa Ingwe. Atampeleka yule aliyekosa timu kwingine, au atataka sehemu kubwa ya pesa ilipwe mwanzoni. Kwa njia hiyo klabu isiyolipa hununua wachezaji dhaifu kwa bei ya juu, na shabiki hubaki akilaumu jicho la msaka vipaji.

Sasa tazama ilichogharimu uwanjani. Februari 2021 klabu ilimleta Patrick Aussems, Mbelgiji aliyekuwa ameipa Simba ubingwa wa Tanzania na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika katika msimu wa 2018/19. Ulikuwa uteuzi mzuri. Julai mwaka huo Ingwe ilikuwa kwenye fainali ya kombe la FKF dhidi ya Gor Mahia, ikapoteza kwa penalti. Mliitazama mechi ile. Haikuwa timu ya kubomolewa, ilikuwa timu ya kuongezewa wachezaji wawili au watatu: mtu wa kumpa mshambulizi Elvis Rupia mipira mbele ya lango, na beki wa kusimamia ngome pale wenzake wanapopanda. Badala yake Rupia akaondoka, wengine nao wakatawanyika, na mlango wa kuingilia ulikuwa umefungwa. Fikirieni maana yake kiufundi. Klabu iliyo huru ikimpoteza mfungaji wake hutafuta mwingine hata wa kiwango cha chini kidogo, na mfumo unabaki. Klabu iliyofungiwa hulazimika kubadilisha mfumo wenyewe, imsogeze kiungo mbele, imrudishe winga kati, na kila anayehamishwa huacha pengo alikotoka. Aussems aliwapandisha vijana na kuwapa nafasi kwa ujasiri, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini vijana huhitaji mtu mzima kando yao, na huyo mtu mzima hangeweza kusajiliwa.

Watetezi wa ofisi wana jibu, na ni jibu zito: SportPesa, kampuni ya kamari iliyoidhamini klabu, iliondoka. Ni kweli. Agosti 2019, baada ya leseni yake kutohuishwa, kampuni hiyo ilikatiza udhamini wake wa michezo nchini, na klabu iliyokuwa ikilipa mishahara kwa pesa hizo ikabaki mikono mitupu. Uongozi uliochaguliwa katikati ya mwaka huo ulirithi mikataba ambayo haukuitia sahihi. Yote hayo nayakubali, na bado hayaufuti uamuzi wa Desemba. Kwanza, onyo lilikuwa limetolewa. Januari 2018 kampuni hiyo hiyo ilikuwa tayari imekatiza udhamini wake wa humu nchini kwa sababu ya kodi ya asilimia 35, kisha ikarejea kwa Ingwe na Gor. Klabu iliyoponea chupuchupu mwaka mmoja haina ruhusa ya kushangaa mwaka unaofuata. Mikataba iliyoandikwa baada ya Januari 2018 ilipaswa kuwa na kipengele kinachosema udhamini ukikatika nini kitatokea, au ipunguzwe idadi na urefu. Pili, mrithi wa deni hupewa hesabu yake mapema kuliko yeyote. Ofisi mpya ilipaswa kuwaita wageni mmoja mmoja Septemba, kabla miezi 2 haijatimia, iwaambie ukweli, ilipe kidogo na kuachana nao kwa maandishi. Makubaliano ya kuachana yangegharimu sehemu tu ya kile ambacho FIFA ingeamuru.

Na tukizungumzia pesa zilizokimbia, msisahau SuperSport. Nimelisema na nitalisema tena: mwaka 2017 ligi ilipolazimishwa kutoka timu 16 hadi 18, kituo hicho kilivunja mkataba wake na kuondoka, na pesa za runinga zilizokuwa zikigawiwa klabu zikaondoka nacho. Shirikisho la soka lilishangilia upanuzi huo kama ushindi. Timu mbili zaidi ziliongezwa kwenye sahani iliyokuwa imeshanyang'anywa chakula. Wanaosimamia soka yetu wana tabia hii ya kuhesabu ukubwa na kusahau malipo.

Pingamizi la pili ni la wale wanaosema tatizo lilikuwa wageni wenyewe, tuwaache, tusajili Wakenya. Siwaungi mkono. Ingwe haikufungiwa kwa kuwa Kayumba ni Mnyarwanda. Ilifungiwa kwa kuwa hakulipwa. Swali sahihi ni kama klabu ilijua inamnunua mchezaji wa kocha gani. Kocha Robert Matano aliipa Ingwe kombe la GOtv Shield mwaka 2017, na miezi michache baadaye wakaachana. Kati yake na Mbungo walipita Rodolfo Zapata wa Argentina, kisha Nikola Kavazovic na Marko Vasiljevic kutoka Balkani, kwa muda wa takriban mwaka mmoja. Kila mmoja ana soka yake kichwani: huyu anataka mawinga wapana, yule anataka mabeki wa pembeni wapande, mwingine anataka mpira mrefu kwa mshambulizi mrefu. Mchezaji anayesajiliwa kwa miaka miwili chini ya kocha wa miezi minne anageuka mzigo kocha huyo anapoondoka, naye mshahara wake unaendelea kuhesabiwa. Matano, kwa upande wake, alikwenda Tusker akatwaa ligi ya 2020/21 na ya 2021/22. Uamuzi wa kuachana naye ndio mama wa uamuzi wa Desemba 2019, na mpaka leo sijasikia maelezo yanayoutosha.

Hapa ndipo kizazi cha 1982 hadi 1984 kinapotusuta. Ingwe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, na shina la timu lilijulikana hata na mtoto: Mahmoud Abbas langoni, Wilberforce Mulamba katikati, Joe Masiga mbele. Watasema nyakati zimebadilika, kwamba Masiga alikuwa daktari wa meno na hakutegemea mshahara wa klabu, kwamba mchezaji wa leo ana wakala na kocha wa leo ana mwanasheria. Sawa. Lakini ubora wa timu ile haukutokana na umaskini wa wachezaji wake. Ulitokana na kukaa pamoja. Mulamba alijua Masiga atakimbilia wapi kabla hajainua kichwa, na ujuzi huo haununuliwi dirishani Januari. Hujengwa kwa misimu, na misimu hujengwa kwa mikataba inayoheshimiwa hadi mwisho. Mchezaji anayedai mishahara ya miezi mitatu hawezi kuzoeana na mwenzake, maana akili yake iko njiani.

Limebaki pingamizi la kukata tamaa: kwamba klabu za jamii zimekwisha, wakati huu ni wa klabu za taasisi, na ubingwa wa Kenya Police msimu wa 2024/25 ndio ushahidi. Police hulipa kwa wakati, wanasema, na hilo ndilo lote. Basi wamelisema wenyewe. Kama kulipa kwa wakati ndilo lote, dawa haiko mbali na uwezo wa klabu ya jamii inayosajili wachezaji 22 inaoweza kuwalipa badala ya 30 isioweza. Gor Mahia nao wana umati mkubwa kuliko wote, walitwaa ligi ya 2022/23, kisha wakakosa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kunyimwa leseni kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa zamani. Taji lilikuwepo, mashabiki walikuwepo, na bado bara likafungwa kwa kosa lile lile la Ingwe.

Kwa mashabiki wa Isiolo suala hili lina uzito wa pekee. Ligi kuu haichezwi hapa, kiingilio chetu hakifiki mlangoni, na mchango wetu kwa klabu ni ule tunaoutuma kwa simu pale tunapoombwa. Wakati huo huo msaka vipaji wa klabu za Nairobi huishia Meru au Nanyuki. Vijana wa Isiolo, Marsabit na Moyale, ambao nauli yao ni ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja ya nyumba ya mgeni, hawatazamwi. Kikosi cha vijana chenye wachezaji wa aina hiyo, waliosajiliwa mapema na kukomazwa pamoja, kingeibeba timu hata marufuku ilipoingia, kwa kuwa marufuku huzuia usajili mpya wala haimgusi kijana aliyekwisha kusajiliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuomba mchango mwingine wa kumsajili mshambulizi, ofisi ituonyeshe orodha ya kila mtu anayeidai klabu, kiasi anachodai, na tarehe ambayo kila deni litafikisha miezi 2.