Alama za APL na vitufe vya J: Iverson alipata nini, akapoteza nini?

Watu wa programu wana hoja wanayoipenda sana: lugha nzuri iandikwe kwa herufi ambazo tayari ziko kwenye kibodi. Mwonyeshe mtu mstari wa APL wenye ⌽, ⍉ na ⍋, atacheka kwanza, halafu atauliza, "Sasa hivi vitu navichapaje?" Swali ni la haki kabisa. Tatizo ni kwamba mara nyingi linaufunga mjadala kabla haujaanza. Bahati nzuri jaribio lenyewe lilishafanyika: mtu aliyetunga alama hizo alikuja kuziacha mwenyewe, akatengeneza lugha nyingine kwa vitufe vya kawaida. Kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha kazi zake mbili bila kubishana hewani.

Mtu huyo ni Kenneth Iverson, Mkanada. Alama zake hazikuanzia kwenye kompyuta. Alipokuwa akifundisha Harvard miaka ya 1950 alitafuta namna fupi ya kuandika hesabu za orodha na majedwali, na mwaka 1962 akazitoa katika kitabu, A Programming Language, ambacho ndicho kilichoipa APL jina. Humo ndimo zilimotokea ⌊ na ⌈, alama za kushusha au kupandisha namba hadi namba kamili iliyo jirani. Leo ziko katika vitabu vya hisabati dunia nzima, na wengi wanaozitumia hawajui kwamba zimetoka kwa mtu wa kompyuta.

APL ilianza kutumika kwenye mashine za IBM mwaka 1966, ikichapwa kwa taipureta ya Selectric. Taipureta hiyo ilibeba herufi zake zote kwenye kijimpira kinachozunguka, na kijimpira kilikuwa na nafasi 88 tu. APL ilihitaji zaidi ya hapo. Basi wakafanya hivi: unachapa duara, unarudi nyuma hatua moja, unachapa mstari juu ya lile duara. Duara na mstari wima ni ⌽, yaani geuza kushoto kwenda kulia. Duara na mstari mlalo ni ⊖, geuza juu kwenda chini. Duara na mstari wa mshazari ni ⍉, safu mlalo ziwe safu wima. Uangalie ule mstari kama kioo: jedwali linageuka kuuzunguka. Ukishaelezwa moja, nyingine mbili unazikisia mwenyewe. Ukiandika ⌽62 48 75 91, unapata 91 75 48 62.

Hapa ndipo penye nguvu ya APL, na Iverson alilijua hilo. Alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1979, mhadhara wake ulihusu uandishi wa alama kama chombo cha kufikiria. Hoja yake haikuwa kwamba alama zinafupisha kazi ya vidole. Alikuwa anasema kwamba alama zikichaguliwa vizuri, uhusiano kati ya mambo unaonekana hapo hapo kwenye karatasi.

Halafu mazingira yakabadilika. Skrini zikachukua nafasi ya karatasi, na kwenye skrini ya kawaida ukirudi nyuma na kuchapa tena, herufi ya kwanza inafutika. Mfumo wa ASCII nao, uliokuwa kiwango cha kubadilishana maandishi kati ya mashine, una herufi 95 tu za kuchapika, ikiwemo nafasi tupu, na ⌽ haimo. Mtumiaji wa APL akahitaji vifaa maalum au fonti maalum, na kumtumia mwenzake msimbo likawa suala la kupanga. Mwaka 1990 Iverson, pamoja na Roger Hui, akaja na J: mawazo yale yale, vitufe vya kawaida tu.

Sasa tuihukumu J kwa haki. Kwanza, si lugha iliyotungwa ovyo. Inachukua kitufe kama shina, kisha inakibandika nukta au nukta pacha mwishoni kupata maana nyingine. Alama + ni kujumlisha, na +: ni kuzidisha mara mbili, alama - ni kutoa, na -: ni kugawa nusu. Alama * ni kuzidisha, na *: ni kipeo cha pili, alama % ni kugawanya, na %: ni kipeuo cha pili. Sisi tuliozoea piga, pigia, pigana na pigwa hatupati shida na wazo hilo. Shina moja, viambishi kadhaa, maana inatambaa kwa utaratibu. Wenyewe wa J pia huziita operesheni zao vitenzi.

Lakini angalia kilichopotea. Katika J kugeuza ni |. na kubadili safu ni |: tu. Kile kioo hakipo tena. Inabidi ukumbuke kwamba nukta moja ni hivi na nukta pacha ni vile. Na tukija kwenye vidole, ⌽ ya Selectric ilikuwa duara, kurudi nyuma, mstari: vibonyezo vitatu. J ina vibonyezo viwili. Ukaribu huo unatuambia kwamba uvivu wa vidole haukuwa hoja kubwa kihivyo. Kilichonunuliwa hasa ni usafiri: programu ya J ilipita popote ASCII inapopita.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi, nayo haizungumzwi sana. Vitufe vya kawaida si vitupu. Vinakuja na mazoea yake. Wastani katika J ni (+/ % #): jumla, gawanya, idadi. Ukiipa 62 48 75 91 inakupa 69. Ni safi sana, ila aliyetoka Python anaiona % kama baki ya kugawanya, na # kama mwanzo wa maelezo yasiyosomwa na mashine. Mbaya zaidi, J inatumia [ na { kila moja peke yake, kama vitenzi, bila mabano ya kufungia. Jicho linatafuta mwenzake, halimpati. Alama ngeni kama ⍋ ungejifunza mara moja. Alama ya zamani yenye kazi mpya unalazimika kwanza kuisahau.

Kitufe kimoja kutumikia mabwana wawili ni jambo tunalolijua hata huku kwetu. Andika 'ng'ombe' ndani ya alama moja moja za nukuu katika Python: programu itadhani maandishi yameishia kwenye ng, kisha itagoma. Ritifaa yetu ni sehemu ya herufi; kwa lugha ya programu ni mlango wa kufungia.

Kuna watakaosema, basi tuache alama zote, tutumie maneno: reverse, sort, len. Hayo ndiyo "ya kawaida" kweli kweli. Ya kawaida kwa nani? Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili akakutana na reverse anajifunza vitu viwili kwa mkupuo, neno la Kiingereza na kazi yake. Alama ⌽ ni ngeni kwa Mwingereza na kwa Mmakonde kwa kiasi kile kile. Hata hivyo maneno yana faida ambayo APL haina jibu zuri kwayo: yanatamkika, na unaweza kuyatafuta kwenye intaneti bila kuuliza mtu. Jaribu kumsomea mwenzako mstari wa APL kwa simu.

Kinachonishangaza ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa wazi mapema sana. Ripoti ya ALGOL 60 ilitenganisha lugha ya rejea, lugha ya kuchapishia vitabuni na namna ya kuingiza kwenye mashine fulani. Yaani unavyochapa na unavyosoma si lazima vifanane. Julia leo inafuata mkondo huo: unachapa \alpha, unabonyeza Tab, inatokea α; na ≤ na <= zote zinakubalika. Alama za APL ziko ndani ya Unicode, na BQN, lugha aliyoitoa Marshall Lochbaum mwaka 2020, imerudi kwenye alama maalum bila aibu: unachapa mkwaju wa nyuma kisha kitufe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. J ilikuwa jibu sahihi kwa mwaka 1990, wakati msimbo usiosafiri ulikuwa msimbo uliokufa. Kama hoja ya kudumu kwamba kilichoko kwenye kibodi ndicho kilicho rahisi, J yenyewe ndiyo ushahidi wa kuipinga: ni vitufe vitupu, na bado wengi inawashinda kusoma. Alama ngeni ina haki ya kuwepo pale tu umbo lake linapokuambia inafanya nini, au linapokuonyesha ndugu zake. ⌽, ⊖ na ⍉ zinapita mtihani huo. Zipo nyingine za APL ambazo hazipiti, na sioni sababu ya kuzitetea.

Lugha zote mbili unaweza kuzijaribu bure kwenye kivinjari. Andika kugeuza jedwali kwa APL, kisha kwa J, ziache wiki nzima, halafu rudi uzisome. Utakayoielewa bila kufungua mwongozo ndiyo ikupe jibu lako.