Mashine ya Chombo cha Tanga Hupimwa Ikienda Polepole

Asubuhi ya Ijumaa, kabla jua halijapanda, bahari iliyo mbele ya Al Khuwair huwa shwari kama maji ndani ya birika. Anayetoka na chombo cha tanga saa hiyo hana upepo wa kumtoa bandarini. Upepo wa bahari huamka baadaye, adhuhuri na alasiri, na siku nyingine hufa ghafla kabla ya magharibi, ukamwacha baharia anakitazama Kisiwa cha Fahal kilekile kwa saa nzima. Nusu saa ya kutoka na nusu saa ya kurudi, hiyo ndiyo kazi ya mashine katika chombo cha tanga. Haitakiwi kukimbia. Inatakiwa isukume, ishike, isimamishe na irudishe nyuma kitu kizito chenye mkuku, katika nafasi finyu, ubavuni mwa vyombo vya watu.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu mashine nyingi zinazouzwa Maskati zimeletwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Tangu miaka ya 1970 mahouri ya mbao na mashasha ya makuti ya mtende yalipoanza kuachia nafasi vyombo vya faiba, mwenye duka amezoea mteja mmoja: mvuvi wa Ghubra au Azaiba mwenye chombo chepesi, anayetaka kuwahi nyavu na kuwahi soko. Kwa mvuvi huyo swali la kwanza, "farasi wangapi?", ni swali sahihi. Kwetu sisi wa tanga ni swali la tatu. La kwanza ni rafadha, la pili ni urefu wa mguu unaoishusha rafadha hiyo majini.

Tuanze na hao farasi ili tuwamalize. Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho kimewekwa na urefu wake pale kinapokutana na maji. Chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, utapata maili za bahari kwa saa. Chombo changu kina mita 6.1 majini, basi kikomo chake ni maili 6. Ukipita hapo, farasi unaowaongeza hawaongezi mwendo. Wanachimba shimo nyuma ya tezi, chombo kinakaa kitako, na petroli inateketea. Kwa uzito, hesabu ya mabaharia wengi ni farasi 4 kwa kila tani. Changu kina tani 1.4 pamoja na watu na maji ya kunywa. Farasi 6 wanatosha, na bado wanabaki wa akiba siku upepo ukija usoni.

Sasa rafadha, na hapa ndipo mjuzi anapotengana na mnunuzi wa haraka. Itazame kwa nyuma. Rafadha ya faiba ina hatua ndefu, yaani kila inapozunguka mara moja inakusudia kwenda mbali, kama skrubu yenye meno yaliyoachana. Chombo kikiwa chepesi kinaifuata. Chombo kikiwa kizito hakiifuati, na rafadha inabaki kukoroga maji. Kwa mashine ndogo ya tanga tafuta hatua ya inchi 6 au 7, upana mkubwa kadiri mguu unavyoruhusu, na mapanga manne ukiyapata. Halafu uliza habari za gia. Katika mashine ndogo ya kawaida injini huzunguka kama mara 2.08 ili rafadha izunguke mara moja. Katika Yamaha T9.9, iliyotengenezwa kwa kusukuma mizigo, ni mara 2.92. Rafadha ya namna hiyo huzunguka taratibu lakini ni pana, na maji inayoyashika haiyaachi.

Jambo jingine lisiloandikwa kwenye kibao cha bei ni moshi unatokea wapi unaporudi nyuma. Mashine nyingi hutoa moshi katikati ya rafadha. Ukienda mbele hakuna taabu, unabaki nyuma yako. Ukitia gia ya nyuma, rafadha inaumeza moshi wake yenyewe, inazunguka ndani ya mapovu, na chombo hakisimami. T9.9 hiyo niliyoitaja hutolea moshi juu ya bamba lililo juu ya rafadha wakati wa kurudi nyuma, na ndiyo maana inavuta kwa nguvu pande zote mbili. Mashine ya tanga isiyojua kurudi nyuma mimi siihesabu kuwa nzuri, hata ingekuwa mpya na inang'aa.

Mguu nao una vipimo vitatu vya kawaida: inchi 15, 20 na 25. Tezi ya chombo cha tanga huwa juu, na chombo hupanda na kushuka zaidi kuliko faiba. Mguu wa inchi 15 ni wa kihori cha kwendea nanga. Inchi 20 ndiyo mwanzo, na kwa chombo chenye tezi ndefu 25 ndiyo raha. Tohatsu wanayo farasi 6 waliyoitengeneza makusudi kwa matanga, yenye mguu wa inchi 25 na chaja ya wati 60 ya kujazia betri, na kwangu hiyo ndiyo mizani ninayopimia nyingine za ukubwa wake.

Somo la mguu nimelipata kwa hofu. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa farasi 15, mguu mfupi. Muuzaji alinihakikishia kwamba farasi wengi hufidia mguu mfupi, nami nikamwamini. Januari moja tulikuwa tunaingia bandarini na mawimbi ya kuvimba yanatoka kaskazini. Nikamtuma mwanangu aende omo akatue tanga la mbele. Uzito wake ulipohamia omo, tezi ikainuka, rafadha ikatoka majini, mashine ikapiga kelele na chombo kikaanza kupelekwa kwenye mawe ya ukuta wa bandari. Nanga ndiyo iliyotuokoa. Farasi 15 wote walikuwa wanakata hewa. Kwa hiyo unapopima, usipime chombo kikiwa kimetulia gatini tu. Mweke mtu mzima omo kabisa, kisha ndiyo utazame tezi imeinuka kiasi gani. Lile bamba lililo juu ya rafadha libaki chini ya maji kwa shubiri nzima, hata hapo.

Katika kuchagua baina ya mashine ya kuchanganya oili na petroli na ile ya oili yake peke yake, wavuvi wetu wana hoja. Yamaha Enduro ni rahisi, nyepesi, na vipuri vyake viko kila pwani kutoka Sur mpaka Kilwa. Lakini mashine ya kuchanganya haipendi kwenda polepole muda mrefu. Plagi zinajaa masizi, na upepo ukiwa nyuma moshi unawajia nyinyi mliokaa tezini. Kwa tanga nachukua ya oili yake peke yake. Ujue tu kwamba watengenezaji kadhaa hutumia injini ileile kwa farasi 4, 5 na 6, hivyo uzito ni mmoja, kama kilo 26 au 27, na hakuna faida ya kubeba ile ndogo. Ukifika farasi 8 silinda huwa mbili, na uzito unakaribia kilo 40 zilizoning'inia tezini. Ukiilaza garini, ilaze upande ulioandikwa kitabuni, la sivyo oili itaingia kusikotakiwa.

Za umeme, kama za Torqeedo iliyoanza Ujerumani mwaka 2005, ni tulivu na zinashika vizuri mwendo wa chini. Kwa mtu asiyetoka nje ya Qurum ningezikubali leo. Kwa anayekwenda visiwa vya Daymaniyat na kukutana na shwari njia nzima, bado petroli.

Dukani, sikiliza kabla hujatazama. Ami yangu, aliyeendesha majahazi baina ya Unguja na Pemba kabla hajahamia huku, nilikwenda naye mara ya pili. Fundi aliiwasha mashine ndani ya pipa la maji akaikoleza, kama wafanyavyo wote ili mteja asikie nguvu.

"Ipunguze, baba," ami alimwambia. "Iache ilale kabisa."

Ikalala. Akasubiri dakika tano, mkono kwenye kifuniko. Kisha akataka itiwe gia, mbele, katikati, nyuma, katikati. Kila gia iliingia kwa kishindo.

"Vipi, ami?"

"Inakimbia mno hata ikiwa imelala, mwanangu. Gatini itakurusha kabla hujaiambia. Mwambie airekebishe, kisha tuisikilize upya."

Fundi aliirekebisha, na gia ikaingia kimya. Hicho ndicho kipimo: mashine ilale bila kukohoa, gia iingie bila kugonga, na ule mchirizi wa maji ya kupoza utoke imara tangu dakika ya kwanza, uwe vuguvugu na si wa kuchemka.

Kwa mashine iliyotumika, ongeza uangalifu, hasa mjini kwetu. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 vilileta mafuriko, na vitu vilivyozama hukaushwa, hupakwa rangi na kurudi sokoni. Vua kifuniko. Tafuta udongo mkavu chini ya gurudumu la kuwashia, kutu katika skrubu za ndani, ukijani kwenye maungio ya nyaya. Fungua skrubu ya chini ya gia uache matone machache: oili ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia. Kama ina silinda mbili, pima mgandamizo wa kila moja. Zikitofautiana zaidi ya sehemu moja kwa kumi, iache. Rangi mpya kwenye mguu peke yake, nayo inataka maelezo.

Kuifunga ni nusu ya ubora wake. Kishikio cha mashine cha kupanda na kushuka kifungwe kwa boliti zinazopenya ubao wa tezi mpaka ndani, na kwa ndani pawe na ubao mwingine au bamba la kusambaza uzito, na dawa ya kuzuia maji kila tundu. Zile skrubu mbili za kukaza kwa mkono zinalegea kwa mtetemo, kwa hiyo weka na mnyororo. Kabla hujatoboa chochote, shusha mashine mpaka chini na uzungushe usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Nimeona rafadha iliyokula usukani siku ya kwanza. Mguu usimame wima chombo kikiwa majini na watu wako wamekaa mahali pao pa kawaida. Vile vitundu vya pini vimewekwa kwa kazi hiyo. Tangi la petroli likae kivulini, mahali penye kupitisha hewa. Petroli ya 91 ya vituo vyetu inatosha mashine hizi ndogo, na kununua ya bei zaidi hakuziongezei kitu.

Saa 10 za mwanzo usiikamue. Baada ya hapo nenda mahali pa wazi, ikoleze mpaka mwisho na usome mizunguko. Ndogo nyingi zinataka baina ya 5,000 na 6,000 kwa dakika, na kitabu chake kitakuambia hasa. Ikishindwa kufika, hatua ya rafadha ni ndefu mno kwa chombo chako. Kila inchi unayopunguza huongeza mizunguko kama 200. Ikipita kiwango, ni fupi mno. Kisha fanya jaribio ninalolithamini kuliko yote: nenda maili 3 kwa saa, tia gia ya nyuma, koleza kidogo. Chombo kisimame kabla hakijapita urefu wake mara mbili. Kikipita, rudi kwenye rafadha.

Kwa bahari hii ya moto, mengine ni mazoea. Ukitweka tanga, inua mguu utoke majini. Ukirudi, ioshe ndani kwa maji matamu dakika 10, na ikiwa itakaa wiki mbili, ifunge petroli uiache ijizime, kwa sababu joto la Maskati hugeuza petroli kuwa gundi ndani ya kabureta. Kile kipande cha madini kinacholiwa na chumvi badala ya mguu usikipake rangi, wala usiupake mguu rangi ya shaba ya kuzuia viumbe. Kipanga cha mpira cha pampu badilisha kila mwaka. Wanaokumbuka maji mekundu ya mwani yaliyoanza Agosti 2008 na kuendelea mpaka mwaka uliofuata wanajua jinsi bahari inavyoweza kuwa nzito kama uji na kuziba kila tundu.

Basi ukienda kununua, chukua karatasi yenye mambo manne: urefu wa chombo majini, uzito wake, kimo cha tezi kutoka majini mtu akiwa omo, na nafasi baina ya kishikio na usukani. Na usitoe riali hata moja mpaka muuzaji ameiwasha ndani ya pipa mbele yako, ameiacha ilale, na ameitia gia ya nyuma.